Mshikaji wa Mwisho

Jumanne, saa nne na dakika arobaini na mbili asubuhi, karani wa dawati la familia alikuwa akimsomea mama mmoja namba ya faili lake kutoka kwenye skrini. Alifika tarakimu ya tatu. Ya nne haikuwepo. Alidhani macho yanamchezea, akaifuta skrini kwa kiganja. Safu nzima ya majina ikageuka mistari mitupu, mmoja baada ya mwingine, kuanzia juu kushuka chini.

"Kuna nini?" mama aliuliza.

"Mashine tu, mama. Inajivuta. Subiri kidogo."

Mama yule alikuwa hodari wa kusubiri. Wafanyakazi wa taasisi ile ya vinasaba walimwita Mama Benchi, maana kwa miezi minne alikuja kila siku ya kazi na kukaa kwenye benchi lile lile la mbao chini ya dirisha. Kiwanda cha kushona nguo kilipoporomoka na kuwaka moto, watu sitini na watatu walikufa, na waliotolewa kwenye kifusi hawakutambulika kwa sura. Binti zake wawili walikuwa ghorofa ya tatu. Mkubwa alitambuliwa na maabara wiki ya saba, akakabidhiwa kwenye sanduku lililofungwa, akazikwa. Mdogo alikuwa miongoni mwa arobaini na moja ambao bado walikuwa namba.

Kufikia saa tano ilijulikana kwamba mashine haijivuti. Diski iliyobeba vipimo vyote vya vinasaba, vya marehemu na vya ndugu zao, ilikuwa tupu. Saa sita na robo polisi walifika.

Inspekta aliyekabidhiwa kesi alikuwa mwanamke wa miaka hamsini na mbili, mfupi, mwenye viatu vya soli laini. Wenzake walimwita Kamusi. Alikuwa na tabia ya kumkatiza mtuhumiwa katikati ya sentensi na kumtaka aeleze maana ya neno alilotumia, na matapeli wengi walikuwa wamejikwaa hapo. Alianzia chumba cha seva, zile kompyuta kuu za taasisi, mahali pa baridi palipojaa mvumo wa feni, ambako fundi wa mashine alikuwa ameketi sakafuni mgongo ukutani. Alikuwa mwanamume wa miaka thelathini na kitu, shati limemganda mwilini licha ya baridi ile.

"Nieleze kama unamweleza mama yako," Inspekta alisema, akavuta kiti.

"Mama yangu hataki kusikia habari hizi, afande."

"Basi nieleze mimi ninayelipwa kusikia."

Fundi alinyanyuka, akaonyesha sanduku jeusi la chuma lenye taa za kijani. "Sanduku ni hili moja. Ndani yake kuna programu inayoigiza mashine mbili. Kila mashine inajiona ni kompyuta kamili, haijui kwamba ni ya kuigiza. Tunaziita mashine pepe. Moja ni ya maabara, nyingine ni ya dawati la familia. Zote mbili zinasoma diski moja."

"Na diski nayo ni ya kuigiza?"

"Diski ni ya kuigiza. Kilichokuwemo hakikuwa cha kuigiza."

Inspekta aliandika. "Diski kama hiyo inaishi mpaka lini?"

"Mpaka mshikaji wa mwisho aiachie."

"Mshikaji? Rafiki?"

Fundi alikaribia kutabasamu. "Hapana, afande. Mwenye kuishika. Mashine ikiwaka, mfumo unaandika kwamba imeishika diski. Ikizimwa, inafutwa kwenye orodha. Washikaji wakiwa wawili, hesabu ni mbili. Hesabu ikifika sifuri, mfumo unaamini hakuna anayeihitaji tena, na unaisafisha diski yote. Hauifichi mahali, unaandika sifuri juu ya kila kitu. Ndivyo tulivyoagizwa. Vinasaba vya watu havitakiwi kuzagaa kwenye diski isiyo na mwenyewe."

"Na nakala?"

"Sanduku la pili liko jengo la jirani. Linanakili kila kinachotokea hapa, papo hapo. Likanakili na kule kufutwa."

Inspekta aliinua kichwa, akamtazama, akarudi kwenye daftari. "Leo asubuhi kilitokea nini?"

"Nilitakiwa kuizima mashine ya maabara nibadilishe feni. Ratiba iko ukutani kwenye korido tangu wiki mbili zilizopita, kila mtu ameiona. Nikaizima saa nne na dakika arobaini na mbili. Hesabu ilipaswa kutoka mbili ibaki moja. Ikatoka moja ikawa sifuri."

"Kwa hiyo mshikaji mmoja hakuwa ameandikwa."

"Aliandikwa, halafu akafutwa. Mashine ya dawati ilikuwa inawaka, karani anaisoma, lakini kwenye orodha haipo. Mtu aliiachilia diski kwa niaba yake tangu jana, bila kuizima. Tangu jana tulikuwa tunatembea juu ya dari iliyokatwa nguzo. Mimi nikaja kupiga nyundo ya mwisho kwa mkono wangu."

Alimpa karatasi kutoka kwenye printa. Mstari mmoja alikuwa ameupigia wino: Jumatatu, 09:17, amri ya kuachilia diski, kutoka kompyuta ya dawati la familia, kwa neno la siri la karani. Inspekta alinakili kwenye daftari lake: *Jumatatu, saa tisa na dakika 17.* Kisha akaikunja karatasi na kuitia mfukoni.

"Nani mwingine ameiona hii?"

"Hakuna. Nimeitoa sasa hivi."

"Asiione mtu. Na nani anajua habari hii ya hesabu ya washikaji?"

Fundi aligeukia lile sanduku jeusi. "Mimi," alisema. "Programu niliiandika mimi."

Karani alihojiwa saa saba na nusu, kwenye meza yake mwenyewe. Alikuwa dada wa miaka ishirini na sita, macho yamevimba.

"Neno lako la siri analijua nani?"

Karani aliinua kibodi. Chini yake kulikuwa na kikaratasi kilichobandikwa kwa utepe wa gundi. "Kila anayefagia, afande."

"Jana saa tisa ulikuwa wapi?"

"Kliniki na mwanangu. Jumatatu naondoka saa nane. Muulize mlinzi, nimetia sahihi kwenye daftari lake."

Inspekta alimuuliza mlinzi, na sahihi ilikuwepo: saa nane na dakika tano. Mlinzi huyo huyo aliongeza, bila kuulizwa, kwamba saa tisa alikuwa juu ya paa akimshikia fundi ngazi, kiyoyozi kimegoma. Walishuka saa kumi kasorobo.

Hivyo karani alikuwa kliniki na fundi alikuwa paani. Lakini mtu anayeandika programu anaweza kuiagiza ifanye kazi yeye akiwa mbali, na mkurugenzi wa taasisi hakuhitaji maelezo zaidi ya hayo. "Aliyeijenga ndiye aliyeibomoa," alimwambia Inspekta kwa simu. Inspekta hakupenda sentensi zinazojipanga vizuri namna hiyo, ila hakuwa na nyingine.

Saa nane na nusu aliingia maabara.

Daktari mkuu alikuwa mwanamume wa miaka sitini, mpole, mwenye sauti ambayo familia zilikuwa zimezoea kuisikia wakati wa habari mbaya. Wao walimwita Baba Majina. Yeye ndiye aliyewarudishia majina watu ishirini na wawili. Alimkaribisha Inspekta kwenye kiti, yeye akabaki amesimama kando ya meza ya vyuma, akigeuza mkononi trei ndogo nyeupe yenye matundu manane.

"Tunaweza kupima upya?" Inspekta aliuliza.

"Tupime nini? Moto ulikuwa mkali sana, Inspekta. Kuna mifupa iliyotupatia unga wa kijiko kimoja, tukautumia wote. Waliobaki bila majina walizikwa pamoja mwezi uliopita kwa amri ya idara ya afya. Kwenye masanduku tuliyowapa familia hakuna kilichobaki cha kupimika, ni majivu na vipande. Vinasaba vyao vilikuwa sehemu moja tu duniani."

"Kwenye diski."

"Kwenye diski. Na keshokutwa wakaguzi kutoka nje walikuwa waje kuthibitisha orodha yetu, kipimo kwa kipimo. Sijui sasa watathibitisha nini."

Inspekta aliitazama trei. "Hii kona imekatwa kwa nini?"

"Ili isigeuzwe. Sampuli nane zinapangwa humo kwa mpangilio, trei inaingizwa kwenye mashine ya kupima, kona hii ikiwa kushoto." Daktari aliirudisha trei mezani. "Ni vitu vidogo."

"Hili ni swali la kila mtu, daktari, usinielewe vibaya. Jana saa tisa ulikuwa wapi?"

"Hapa, chumba cha sampuli, tangu saa mbili. Nilitoka mara moja tu kunyoosha miguu. Saa nne nilikuwa na kikao."

Inspekta aliandika yote hayo, akashukuru, akaondoka.

Saa kumi na moja jioni alirudi kupekua meza ya fundi. Chini ya makopo ya wino wa printa aliokota ukurasa wa daftari wenye mwandiko wa fundi mwenyewe, tarehe ya miezi miwili nyuma: *Mashine ikiachilia diski ikiwa bado hai, hesabu itadanganya. Hatari kubwa. Zuia.* Alimsomea kwa sauti. Fundi hakubisha. Alinyoosha mikono kama mtu aliyekuwa akiisubiri hiyo karatasi siku nzima, akapelekwa kituoni.

Jumatano asubuhi, saa mbili, mama yake fundi alikuwa tayari kaunta ya kituo na sweta ndani ya mfuko.

"Ana kifua," alimwambia Inspekta. "Tangu utotoni. Mwambieni alivae, asilikunje akalifanya mto. Namjua."

Inspekta alilichukua sweta mwenyewe. Fundi alikuwa chumba cha mahojiano, hajalala. Alilivaa. Inspekta akaketi mbele yake, akaweka daftari wazi mezani.

"Uliijua hatari hii miezi miwili. Kwa nini hukuniambia jana?"

"Kwa sababu ni aibu."

"Aibu maana yake nini, hapa?"

Fundi alikiangalia kidole gumba chake. "Nilimwandikia Daktari barua. Nikamweleza kila kitu, kwamba mtu akitoa amri ya kuachilia kwenye mashine iliyo hai, hesabu inapungua na hakuna anayejua, na siku tukizima ile nyingine diski inaondoka. Nikaomba ruhusa ya kuurekebisha mfumo. Ilikuwa kazi ya mchana mmoja, afande. Akaniambia ningoje mpaka wakaguzi wapite, hataki kugusagusa mitambo kabla ya ukaguzi. Nikangoja. Mchana mmoja, na mimi nikangoja miezi miwili kwa sababu mkubwa kasema."

"Barua iko wapi?"

"Nakala iko nyumbani kwangu, droo ya jikoni. Haisaidii. Inaonyesha tu kwamba nilijua."

"Inaonyesha kwamba mlijua wawili."

Macho ya fundi yalikuwa yameangukia kwenye daftari. Alilisoma kichwa chini miguu juu, akakunja uso.

"Afande, hapo umeandika saa tisa."

"Ndivyo karatasi yako ilivyosema. Sifuri tisa, kumi na saba."

"Mashine haihesabu saa kama sisi. Inaanza kuhesabu usiku wa manane. Sifuri tisa kumi na saba ni saa tatu na dakika kumi na saba. Asubuhi."

Inspekta alikuwa ameisoma saa ya namna hiyo mara elfu kwenye tiketi na risiti, na jana, kwenye baridi ile na watu wakilia kwenye korido, alinakili tarakimu kama zilivyo. Aliona aibu, kisha akaiweka kando kwa sababu kulikuwa na jambo jingine limeanza kumkereketa. Alifungua kurasa nyuma. Alikuwa amewauliza watu kuhusu saa ambayo haikuhusika na lolote. Karani alijibu kliniki, mchana. Mlinzi alijibu paani, mchana. Akafika jibu la tatu, akaliwekea kidole.

*Hapa, tangu saa mbili. Nilitoka mara moja. Saa nne nilikuwa na kikao.*

"Nilimuuliza mtu alikuwa wapi mchana," alisema taratibu, "akanieleza asubuhi yake."

Saa nne alikuwa kwenye ukumbi wa taasisi. Dawati lilikuwa limefungwa, lakini Mama Benchi alikuwa mahali pake, mkoba magotini.

"Juzi asubuhi, mama, kulitokea jambo hapa? Kama saa tatu hivi?"

"Nilianguka," mama alisema. "Nilitoka nyumbani sijatia kitu tumboni. Nikaona giza. Yule binti wa dawati akanishika, akanitoa nje kwenye bomba, akanimwagia maji usoni. Msichana mzuri yule."

"Dawati alimwachia nani?"

"Baba Majina alikuwa anapita. Akamwambia, nenda naye, mimi nitakaa. Tuliporudi bado alikuwa kwenye kile kiti, anachapachapa. Akanipa pole." Mama alimtazama. "Kwani naye kafanya nini?"

Inspekta alisema bado wanauliza tu.

Karani alithibitisha kila neno, na kadiri alivyothibitisha ndivyo sauti ilivyomwishia. Waliondoka dakika kama kumi. Ilikuwa baada ya saa tatu, kwa sababu alikuwa amefungua dawati saa tatu kamili. Jana Inspekta hakumwuliza mtu habari za asubuhi kwa sababu alikuwa ameikosea saa, na karani naye hakuona sababu ya kutaja wema wa mtu. Mnamo saa saba, askari alileta barua kutoka droo ya jikoni ya fundi. Pembeni, kwa wino wa bluu, Daktari alikuwa ameandika: *Nimesoma. Ngoja kwanza.*

Saa nane mchana Inspekta aliingia chumba cha sampuli pamoja na karani. Askari alibaki mlangoni. Daktari alikuwa akiosha mikono, na aliendelea kuiosha mpaka alipomaliza.

"Nimekuja kurekebisha kosa langu," Inspekta alisema. "Jana nilikuuliza ulikuwa wapi Jumatatu saa tisa. Nilikosea. Amri ilitolewa saa tatu na dakika kumi na saba asubuhi. Kila mtu alinijibu kosa langu. Wewe ulinijibu saa yenyewe, na karatasi ilikuwa mfukoni mwangu."

Daktari alijifuta kidole kimoja kimoja.

"Nadhani ulikuwa unaitazama ile saa pembeni mwa skrini," Inspekta aliendelea. "Tisa, kumi na saba. Niliposema tisa, ukasikia ile uliyoiona. Ulikuwa kwenye kiti cha huyu dada. Mama Benchi alikuona unachapa. Fundi alikwishakueleza amri gani inaua diski, na ratiba ya kuzima mashine iko ukutani. Ulichohitaji ni dakika kumi na kikaratasi chini ya kibodi."

Karani ndiye aliyesema, kwa sauti ya chini sana: "Daktari, uliniambia nimpe maji. Kumbe ulikuwa unanitoa."

"Alianguka kweli," Daktari alisema. "Sikulipanga lile. Nilikuwa nimezunguka pale tangu saa tatu kasoro nikikosa namna, nilikwishaamua kurudi ofisini niache. Ndipo akaanguka."

Alivuta kiti, akakaa. Alionekana mzee kuliko jana.

"Kwa nini?" Inspekta aliuliza.

"Wiki iliyopita nilikuwa napitia mafaili kabla ya wakaguzi. Mashine ya kupima hupiga picha ya kila trei inapoingizwa. Ishirini na wawili tuliowatambua walipita kwa trei tatu, nane, nane na sita. Nikafungua picha moja, kona iliyokatwa iko kulia."

Karani alimtazama Inspekta. Inspekta alikuwa ameshaelewa, lakini aliuliza kama kawaida yake: "Maana yake nini?"

"Trei iliingizwa kinyumenyume. Tundu la kwanza likasomwa la nane, la pili likasomwa la saba. Vipimo ni sahihi, majina ni sahihi, ila kila jina lilibandikwa kwenye sanduku la mtu mwingine. Familia nane zimezika watu ambao si wao. Mimi ndiye niliyeiingiza. Siku ile nilikuwa kazini saa kumi na nne mfululizo, na sisemi hivyo kujitetea."

"Ungeifuta ile picha tu."

"Ukifuta faili moja, mfumo unaandika aliyefuta. Na wakaguzi wangesoma vipimo upya, wangeliona kosa hata bila picha. Ilibidi viondoke vyote, na ionekane mashine imejiua yenyewe."

"Fundi amelala mahabusu usiku mzima kwa ajili ya hiyo mashine."

"Najua."

"Na wale arobaini na moja?" karani aliuliza. "Ndugu zao wanaokuja kila siku?"

"Nilijiambia hawapatikani tena. Nilijidanganya. Tisa walikuwa wameanza kuonekana kwenye vipimo." Alifumba macho. "Nilizipima familia nane zilizokwisha kulia zikatulia, na hao ambao hawajapata kitu. Nikaona afadhali hawa waendelee kukosa kuliko wale wafukuliwe. Ndivyo nilivyopima. Sasa nikikuelezeni hapa naona hata si kupima. Niliogopa kuzibishia hodi zile nyumba nane."

Inspekta alisogeza daftari mbele yake. "Niandikie namba ya trei. Kama ni sanduku la kwanza na la nane, la pili na la saba, tunaweza kuzirudisha. Ni kazi ngumu, lakini inafanyika."

Daktari hakuishika kalamu.

"Trei gani, daktari?"

"Sijui."

"Uliiona picha."

"Niliona kona. Namba ilikuwa chini ya picha. Niliiziba kwa kiganja, nikafunga faili." Aliutazama mkono wake. "Nilijua nikiisoma nitakuwa na majina manane kichwani maisha yangu yote. Nilitaka nisijue. Trei ya tatu haiwezi kuwa, ilikuwa na sampuli sita, kama ingegeuzwa, matundu mawili matupu yangeonekana upande usio wake. Ni ya kwanza au ya pili. Na mpangilio wa nani alikuwa tundu gani ulikuwa kwenye diski."

Inspekta alifanya hesabu hiyo mara mbili, akitafuta mahali alipokosea, kama alivyokosea saa. Hakupaona. Familia nane zilizika wageni, familia nane zilizika watu wao, na hakuna yeyote duniani angeweza kusema zipi ni zipi. Jana zilikuwa familia kumi na sita zenye makaburi. Yeye, kwa kuifumbua kesi, ndiye aliyekuwa anakwenda kuziambia.

"Inspekta," Daktari alisema askari alipomshika mkono, "si lazima waambiwe. Mimi nitakiri nimefuta diski. Sababu tutafute nyingine."

Inspekta aliliwaza jambo hilo, na baadaye hakuficha kwamba aliliwaza. Kisha akasema, "Iandike yote. Kama ulivyotusimulia." Akamsukumia kalamu tena, na safari hii Daktari aliishika.

Fundi aliachiwa saa kumi na moja jioni. Aliuliza kama kuna kinachoweza kuokolewa, na alipoambiwa hakuna, alitia sahihi, akamfuata mama yake nje bila kugeuka. Wiki hiyo hiyo aliandika barua ya kuacha kazi.

Ijumaa asubuhi Inspekta alianza na Mama Benchi, kwa sababu binti yake mkubwa alikuwa mmoja wa wale kumi na sita, na kwa sababu alijua atampata wapi. Alikaa naye kwenye benchi. Alimweleza polepole, kwa maneno ya kawaida, mara mbili.

"Kwa hiyo huyu mdogo basi," mama alisema. "Hapatikani."

"Hapatikani, mama."

"Na yule niliyemzika?"

"Huenda ni yeye. Huenda siye. Siwezi kukuambia zaidi, kwa sababu hakuna anayejua."

Mama aliufungua mkoba, akaufunga. "Nilimwambia mambo mengi pale," alisema. "Mambo yake na mimi. Kuna siku nilimwomba radhi." Alitazama dirishani kwa muda. "Wengine umeshawaambia?"

"Ninakwenda sasa."

"Usiende."

"Mama, ni haki yao."

"Mimi umenipa haki yangu, nimeishika hii hapa. Niambie niiweke wapi." Hakuinua sauti. Alisubiri jibu kidogo, kisha akanyanyuka, akaaga kwa adabu, akatoka. Karani alimwona kupitia kioo akisimama nje ya lango, asijue ageukie upande gani, mpaka mlinzi alipomwita kumuuliza kama anahitaji usafiri.

Inspekta alibaki na orodha ya majina kumi na matano. Nyumba ya kwanza kwenye orodha ilikuwa mwendo wa nusu saa kwa miguu, nyuma ya kiwanda cha matofali. Ilikuwa saa tano. Alibisha hodi, mwanamume mwenye mikono ya unga wa saruji akafungua. Alikuwa mume wa mshonaji wa ghorofa ya pili. Aliiona sare, akaiona na bahasha mkononi mwa Inspekta, akaelewa ni habari za maabara. Uso wake ukalegea kwa huruma, huruma ya mtu anayewafikiria wengine.

"Karibu, afande," alisema. "Labda umekosea nyumba. Sisi wetu tulishampata."